Daraja la Pili Si Bovu: Nilichojifunza Ruwi Kuhusu Prosesa

Mwaka 2018, kijana wangu wa kwanza alipokuwa akijiandaa kwenda Malaysia kusomea uhandisi, tulishuka Ruwi kumnunulia laptopu. Muuzaji alituwekea mbili juu ya meza. Kampuni moja, rangi moja, kioo cha ukubwa mmoja. Moja ilikuwa na kibandiko cha i5, nyingine cha i7, na hiyo ya i7 ilizidi kwa riali 60.

Mwanangu akasema kwa sauti ya chini, "Baba, hii ya i5 inatosha."

Nikamjibu mbele ya muuzaji, "Mtoto wangu hatokwenda ugenini na kitu cha daraja la pili."

Zile riali 60 nilizitoa kwenye fedha za bati za nyumba ya mama yangu, Wete. Niliona nimefanya jambo la maana. Kila aliyeuliza nilimwambia kwamba kijana ameondoka na i7.

Miaka miwili baadaye ndipo nilipojua. Programu za michoro ya uhandisi zilikuwa zikigandia njiani. Wenzake wakishamaliza kazi na kwenda kulala, yeye alikuwa akibaki maabara ya chuo mpaka wafunge, au anaazima kompyuta ya mwenzake. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alijibu, "Nilikuona ulivyofurahi siku ile, Baba. Ningekwambiaje?"

Ndugu msomaji, maneno yale yaliniuma kuliko hasara ya riali 60. Ndiyo maana mwaka huu, ilipofika zamu ya binti yangu, niliamua kujua kwanza ninanunua nini.

Karatasi iliyobaki kwenye begi

Binti amepata nafasi ya kusomea usanifu wa majengo hapahapa Maskati. Safari hii sikuanzia dukani. Nilianzia kwa fundi, kijana wa Tanga mwenye meza yake ya kutengeneza kompyuta kwenye kichochoro kimoja cha Ruwi. Nilimpelekea ile laptopu ya zamani pamoja na begi lake, na ndani ya begi ilikuwamo bado karatasi ya bei ya mwaka 2018, yenye majina ya laptopu zote mbili.

Fundi aliisoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa adabu, "Mjomba, hii mliyochukua jina lake kamili ni i7-7500U. Ile 7 inayofuata baada ya kistari maana yake kizazi cha saba, kilichotoka mwaka 2016. Ina viini viwili. Mliyoiacha ni i5-8250U, kizazi cha nane, cha mwaka 2017. Hiyo ina viini vinne."

Kiini ni kile kitengo ndani ya prosesa kinachofanya kazi yenyewe. Fikiria jiko la harusi: viini viwili ni wapishi wawili, viini vinne ni wapishi wanne. Kwa kuandika barua au kusoma habari kwenye intaneti, usingeona tofauti kubwa. Kwa michoro na hesabu nzito, zinazogawanywa kwa wapishi wote, tofauti ni kubwa. Nililipa zaidi nikapata pungufu.

"Basi kwa nini ikaitwa i7?" nilimuuliza.

"Kwa sababu katika kizazi chake, kwenye aina yake, ilikuwa ya juu," alisema. "Mjomba, hizi chipu zinachambuliwa."

Mchanga, sahani na kasoro

Mimi siku zote nilidhani i3, i5 na i7 hutengenezwa mbalimbali, kama kiwanda cha viatu kinavyoshona vya ngozi huku na vya plastiki kule. Mara nyingi sivyo.

Prosesa huanza kama silikoni, inayopatikana kwenye mchanga wa kwatzi. Husafishwa, huyeyushwa, hukuzwa kuwa gogo la mviringo, kisha hukatwa vipande vyembamba kama sahani. Sahani inayotumika sana siku hizi ina kipenyo cha milimita 300, karibu sawa na sinia dogo. Juu ya sahani hiyo moja huchorwa kwa mwanga chipu nyingi kwa pamoja, pengine mamia, tabaka juu ya tabaka. Kila chipu ya leo ina mabilioni ya transista, yaani swichi ndogo mno zinazowashwa na kuzimwa.

Katika kazi ndogo kiasi hicho, hakuna kiwanda, kiwe cha Taiwani, Korea Kusini au Marekani, kinachoweza kutoa chipu zote zikawa sawasawa. Chembe moja ya vumbi ikitua mahali pabaya huua kiini kizima. Tabaka likizidi unene kidogo upande mmoja, chipu za upande huo zitataka umeme mwingi zaidi ili zifikie kasi ileile. Mara nyingi zilizo pembezoni mwa sahani huwa na kasoro kuliko zilizo katikati.

Kwa hiyo chipu hupimwa, kwanza zikiwa bado kwenye sahani, na tena zikishakatwa na kufungwa. Viini vingapi vinafanya kazi? Inafika gigahezi ngapi bila kukosea? Inataka volti ngapi? Inavuja umeme kiasi gani, na inapata joto kiasi gani? Majibu yakishapatikana, kila moja hutiwa kwenye kundi lake. Yenye umeme mdogo na joto dogo itafaa laptopu nyembamba. Inayokimbia sana lakini inakula umeme itafaa kompyuta ya mezani. Yenye kiini kibovu haitupwi: kile kibovu huzimwa moja kwa moja, na chipu huuzwa kwa jina lingine na bei ya chini. Kazi hii viwandani wanaiita biningi, yaani kutia kila kitu kwenye pipa lake.

Kama jamvi la karafuu

Jioni ile nilirudi nyumbani Mabela nikamsimulia mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Pemba. Nilidhani atachoka kusikiliza. Aliniangalia kama aliyeambiwa kwamba maji yanalowesha.

"Hayo si ndiyo karafuu, mwanangu?"

Mama amekulia kwenye majamvi ya karafuu. Mkarafuu mmoja, mchumaji mmoja, siku moja. Zinachambuliwa, karafuu huku na makonyo kule. Zinaanikwa juani, zinageuzwa, na wingu likitanda watu wanakimbia kuzianua. Zilizokauka vizuri hutoka na rangi yake nzuri na kichwa chake. Zilizopata mvua hufifia. Zikipelekwa kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, hukaguliwa na kupewa daraja, na kila daraja lina bei yake.

"Daraja la tatu ni mbovu?" nilimuuliza.

"Mbovu hainunuliwi," alisema. "Daraja la tatu ni karafuu. Pilau linakolea vilevile. Ila ukimuuzia mtu la tatu kwa bei ya kwanza, hiyo ni dhambi yako."

Anayepita soko la Mutrah ameliona jambo hilihili kwenye ubani wa Dhofar. Vipande vya miti ileile hutengwa kwa rangi na uangavu, na bei hupanda kwa kadiri kipande kinavyong'aa. Ukitaka kufukiza nyumba siku ya Ijumaa, si lazima ununue ule wa bei ya juu kabisa.

Mifano iliyomo majumbani mwetu

Baada ya hapo nilianza kuiona biningi kila mahali. Wazazi wenye watoto wa gemu wanaikumbuka PlayStation 3, iliyoanza kuuzwa mwaka 2006. Prosesa yake, iitwayo Cell, ilichorwa ikiwa na vitengo vidogo 8 vya kusaidia kazi, lakini mashine ilitumia 7 tu. Sababu yake ni kwamba chipu yenye kitengo kimoja kibovu iweze kutumika badala ya kutupwa. Sijapata kumsikia mtoto akililia kile cha nane.

Apple ilipotoa MacBook Air yenye chipu ya M1 mwaka 2020, ya bei ya chini ilikuwa na viini 7 vya grafiki na ya juu ilikuwa na 8. Mwaka huohuo AMD ilitoa Ryzen 5 5600X na Ryzen 7 5800X. Zote mbili zimejengwa kwa kipande cha silikoni cha muundo mmoja, chenye nafasi ya viini 8. Ya kwanza imewashiwa 6, ya pili vyote. Tangu mwaka 2019, Intel nayo huuza prosesa za kompyuta za mezani zenye herufi F mwishoni, ambazo sehemu yake ya grafiki imezimwa. Mtu mwenye kadi yake ya grafiki hapotezi kitu, na mara nyingi hulipa kidogo zaidi. Asiye na kadi hiyo atawasha kompyuta na kioo kitabaki cheusi.

Kuna upande mwingine ambao haupo kwenye karafuu. Wanunuzi wa bei ya chini ni wengi kuliko wa bei ya juu. Chipu nzima zikiwa nyingi na oda za daraja la chini hazijajaa, kiwanda huweza kuzima viini vizima kabisa ili kitimize oda. Mwaka 2009 watu waligundua kwamba baadhi ya prosesa za AMD za Phenom II, zilizouzwa kama za viini viwili au vitatu, zilikuwa na viini vinne ndani, na bodi fulani za kompyuta ziliweza kuviamsha. Wengine walipata viini vinne kwa bei ya viwili. Wengine waliamsha kile kilichozimwa kwa sababu ya ubovu, na kompyuta ikawa inazimika ovyo.

Nilimuuliza fundi kama bahati ya namna hiyo inafaa kutafutwa leo. Alicheka. "Mjomba, nunua kilichoandikwa. Kilichofichwa si chako."

Hata chipu mbili zenye jina moja hazifanani kabisa. Moja inaweza kupata joto kidogo zaidi ya mwenzake. Wapenda kasi waliipa hali hii jina la bahati nasibu ya silikoni, na huko Texas palikuwa na duka lililoitwa Silicon Lottery, lililokuwa likizipima moja moja na kuuza zilizo bora kwa bei ya juu. Lilifungwa mwaka 2021. Siku hizi viwanda vyenyewe huzisukuma chipu karibu na mwisho wa uwezo wake, kwa hiyo kilichobaki cha kubahatisha ni kidogo. Kwa mwanafunzi wa kawaida, tofauti kati ya chipu mbili za jina moja si jambo la kumkosesha usingizi.

Daraja husomwa ndani ya mavuno yake

Hapa ndipo nilipolielewa kosa langu la mwaka 2018. Daraja lina maana ndani ya mavuno yake tu. Karafuu ya daraja la kwanza ya msimu uliopita, iliyokaa ghalani, huwezi kuilinganisha na ya msimu huu kwa kusoma neno "kwanza" peke yake. Mimi nilisoma 7 na 5, nikasahau kuuliza ni za msimu gani na za shamba gani.

Mtego huu upo mpaka leo. Chukua laptopu mbili zilizoandikwa Ryzen 5, na namba zote mbili zinaanza na 7. Moja ni Ryzen 5 7520U: ina viini vinne, vya muundo uliotoka mwaka 2019. Nyingine ni Ryzen 5 7540U: ina viini sita, vya muundo wa mwaka 2022. Kibandiko cha nje kinasema neno lilelile, Ryzen 5. Kwa upande wa Intel, tangu Desemba 2023 kumeingia jina la Core Ultra, na zile i3, i5 na i7 bado zimejaa madukani na sokoni kwa mitumba, kwa hiyo ukitazama tarakimu moja tu utachanganyikiwa.

Herufi ya mwisho nayo ni habari. U kwa kawaida ni ya umeme mdogo, kwa laptopu nyembamba na betri ya kudumu. H ni ya nguvu zaidi, na joto zaidi. i7 yenye U na i7 yenye H ni wanyama wawili tofauti.

Kabla hujatoa riali yako

Haya ndiyo niliyoyaandika kwenye karatasi nilipokwenda dukani na binti yangu. Yatumie ukiwa Maskati, London au Nairobi.

Anza na kazi. Vyuo vingi hutoa orodha ya programu zitakazotumika, na kila programu hutaja mahitaji yake. Mwanafunzi wa sheria na mwanafunzi wa usanifu hawahitaji mashine moja.

Dai jina kamili la prosesa, tarakimu zote na herufi ya mwisho. Muuzaji akikujibu "ni i7 tu, mzee," mwambie aiwashe. Kwenye Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, fungua sehemu ya utendaji, na jina litaonekana pamoja na idadi ya viini. Ukishalipata, litafute kwenye tovuti ya mtengenezaji uone lilitoka mwaka gani.

Kwa mashine ya mtumba, usiamini kibandiko. Katika miaka ya 1990 walikuwapo walanguzi waliokuwa wakifuta maandishi juu ya prosesa za Pentium na kuandika kasi kubwa zaidi. Ni ndugu wa wale wanaochanganya makonyo kwenye gunia la karafuu ili lizidi uzito. Leo kubadilisha prosesa ya laptopu ni kazi ngumu, lakini kubadilisha kibandiko ni kazi ya dakika moja.

Linganisha ile nyongeza ya bei na mambo mengine. Kupanda kutoka daraja la 5 hadi la 7 katika kizazi kimoja kunaweza kuleta nafuu ndogo, wakati fedha hizohizo zikiongeza RAM kutoka GB 8 hadi 16, mwanafunzi wa michoro ataiona tofauti siku ya kwanza. Uliza pia kama RAM inaweza kuongezwa baadaye, maana kwenye laptopu nyingi nyembamba imechomelewa kwenye bodi.

Kumbuka joto. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Chipu ya daraja la juu iliyobanwa ndani ya boksi jembamba inaweza kushindwa na ya daraja la kati yenye feni nzuri na pa kupumulia. Sisi tunaoishi penye kiangazi cha nyuzi 45 tulizingatie hili, na tuwakataze watoto kuweka laptopu juu ya godoro.

Mwisho, weka kitu kando kwa ajili ya dhamana na chelezo. Prosesa iwe ya daraja lolote, haitaiokoa kazi ya muhula mzima isiyokuwa na nakala.

Siku ya kununua

Dukani tuliwekewa tena laptopu mbili, ya 7 na ya 5. Safari hii zote zilikuwa za kizazi kimoja, na ile ya 5 ilikuwa na RAM ya GB 16 na sehemu pana za kutolea joto. Muuzaji aliisifu sana ya 7. Niliisikia ile sauti yangu ya zamani ikinipanda kooni.

Nilimgeukia binti. "Wewe unaonaje?"

Akatoa orodha ya chuo, akaisoma mstari kwa mstari, akaiwasha mashine na kubonyeza vile vitufe vitatu mwenyewe. Akahesabu viini kwa kidole. "Hii ya 5, Baba. Inatosha na kubaki."

Kabla ya kulipa nilimpigia picha kaka yake, anayefanya kazi Kuala Lumpur sasa. Jibu lilikuja baada ya dakika chache: "Sawa kabisa. Nani kaichagua?"

Nikamwandikia: "Dada yako."

Akaniletea alama ya kucheka, halafu: "Basi umejifunza, mzee."

Bei ilipungua kwa riali 75 kuliko ile nyingine. Mama alipoondoka kurudi Wete aliondoka nazo, na bati za upande wa jikoni zimeshapigwa. Na ile i7-7500U bado tunayo, mezani sebuleni. Mama watoto anaangalizia mapishi, na kwa kazi hiyo haijawahi kumwangusha.